Mtoto hasemi bado, mtaalamu wa usemi ana kazi gani naye?

"Nina binti wa wiki saba, alizaliwa wiki ya 36 akiwa na kilo 2.4. Tangu turudi nyumbani, kunyonya ni vita. Akishika ziwa, dakika ya kwanza tu anapaliwa, anakohoa mpaka anakuwa mwekundu, na siku nyingine maziwa yanamtokea puani. Nikimtoa analia, nikimrudisha anasinzia. Mpaka amalize ni karibu saa nzima. Asubuhi ndiyo mbaya zaidi, maana maziwa ninayo tele, yanaruka yenyewe. Kliniki juzi alikuwa na kilo 2.9. Mama mkwe anasema ni kimeo, apelekwe akakatwe. Jirani kaniambia pembeni kwamba mtoto kabemendwa. Shangazi anataka nimpe chupa, nitanue tundu la chuchu kwa sindano ya moto ili ashibe haraka, au nichanganye na uji mwepesi. Daktari kamsikiliza kifua, kasema kiko safi, halafu akaniandikia rufaa kwa mtaalamu wa tiba ya usemi, Jumanne ijayo. Mtoto hata 'agu' hajasema! Anakwenda kufundishwa nini? Au ndiyo naambiwa kwa mafumbo kwamba hatakuja kuongea?"

Hongera ya uzazi, mama, na pole. Wiki saba za kumnyonyesha mtoto huku moyo uko mkononi ni nyingi.

Umeniuliza kuhusu Jumanne na kuhusu kuongea. Kama kosa ni lako hukuuliza, lakini neno la jirani umelitia kwenye barua, kwa hiyo nianze nalo. Kubemenda, kwa wanaoamini, ni mtoto kudhoofu kwa sababu wazazi wamerudiana kabla ya wakati au mmoja wao katoka nje. Tendo la ndoa halichafui maziwa wala halimwingii mtoto. Watoto wanaopewa jina hilo nimewaona wengi, na kila mara kulikuwa na kitu kinachopimika: maziwa hayamfikii ya kutosha, au ana nimonia, kifua kikuu, VVU, moyo wenye tundu. Ubaya wa neno hilo ni kwamba ukoo mzima unakaa kikao kutafuta nani kakosea, na mtoto hapimwi. Mzani haujui nani kalala wapi.

Kimeo nacho. Hako kanyama kanakoning'inia nyuma ya kinywa kila mmoja wetu anako, mama mkwe pia, na urefu wake unatofautiana kama urefu wa pua. Ni mkia wa kaakaa laini, na kaakaa laini ndilo linaloziba njia ya pua unapomeza. Mtoto akikohoa, watu wanampanua kinywa, wanakiona kimeo, na kwa kuwa ndicho kitu pekee kinachoonekana kule nyuma, kinabeba lawama. Kukikata kwa wembe au kwa kisu cha mganga kunaleta kutokwa damu, vijidudu, hata pepopunda, na kunamwachia kidonda kooni mtoto ambaye tayari kumeza kulikuwa kunamshinda. Nimepokea watoto waliokatwa, na hakuna aliyefika kwangu akiwa ananyonya vizuri kuliko kabla. Ni kweli kwamba waliopata nafuu wasingekuja kwangu. Lakini wengi wanaopata nafuu baada ya kukatwa wangepata nafuu hata bila kukatwa, maana mtoto anakua, na wiki nne kwake ni muda mrefu. Tena kimeo kina kazi nyingine kwetu: kikionekana kimegawanyika mara mbili kama ulimi wa nyoka, kinatuonya kwamba huenda kaakaa limepasuka chini ya ngozi. Aliyekikata kamwondolea daktari alama.

Sasa jina letu, ambalo limetuponza siku nyingi. Tunaitwa wa usemi, na watu wanadhani kazi yetu ni kigugumizi na "r" inayogeuka "l". Lakini midomo, ulimi, kaakaa na zoloto vilianza kufanya kazi ya kula kabla ya kazi ya kusema. Anayejua jinsi vinavyosogea kutoa sauti anajua pia vinavyosogea kumeza, ndiyo maana wodini tunaitwa kwa mzee aliyepata kiharusi na hawezi kunywa maji, na kwa mtoto njiti anayejifunza kunyonya. Binti yako haendi kufundishwa maneno. Anakwenda kuangaliwa anavyomeza.

Na kumeza kwa mtoto mchanga si jambo dogo. Koromeo ni njia panda. Hewa inatoka puani inakwenda mapafuni, maziwa yanatoka kinywani yanakwenda tumboni, na njia hizo mbili zinakatana hapo nyuma ya ulimi. Kila anapomeza, mambo kadhaa lazima yatokee kwa wakati mmoja: kaakaa laini linapanda kuziba pua, zoloto, kile kigololi unachokiona kikicheza shingoni mwa mwanaume anapokunywa maji, linanyanyuka na kusogea mbele, kidakatonge kinainama kufunika mlango wa hewa, nyuzi za sauti zinafungana. (Wengine wanaliita kimeo kidakatonge. Mimi namaanisha kile kifuniko cha chini, juu ya zoloto, usichoweza kukiona hata ukimpanua mtoto kinywa.) Kwa muda usiofika sekunde moja mtoto hapumui kabisa. Kisha mlango unafunguka, anavuta hewa, anafyonza tena. Maziwa yanaposhuka vizuri mtoto hufyonza kama mara moja kwa sekunde, na karibu kila mfyonzo una mmezo wake. Hesabu mwenyewe ni mara ngapi anasimamisha pumzi ndani ya dakika kumi.

Mpangilio huu wa kufyonza, kumeza na kupumua huanza kukaa sawa karibu na wiki ya 34 ya mimba. Binti yako alikuja wiki ya 36, kwa hiyo ufundi anao, ila nguvu za kuufanya kwa muda mrefu zilikuwa bado zinajengwa. Watoto wa wiki ya 35 na 36 wanatudanganya wote, hata sisi wa hospitalini. Si njiti wa kuwekwa kwenye mashine, wanaruhusiwa kwenda nyumbani haraka, na kila mtu anawatazamia wanyonye kama aliyetimiza miezi tisa. Ukihesabu kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, binti yako ana wiki tatu tu.

Nirudi kwenye maelezo yako, kwa sababu umenipa zaidi ya unavyodhani. Swali langu la kwanza kwa kila mama ni hili: anakohoa mwanzoni au mwishoni? Anayekohoa mwishoni mara nyingi amechoka. Alianza vizuri, kisha mpangilio ukalegea. Wako anakohoa dakika ya kwanza. Na asubuhi ni mbaya zaidi, yaani saa ambazo ziwa limejaa kuliko wakati wote. Na maziwa yanaruka yenyewe. Mimi nikisoma hivyo namwona mtoto mdogo mwenye pumzi fupi aliyewekewa mdomo kwenye bomba lililofunguliwa lote. Anameza, anameza, anameza, hapati nafasi ya kuvuta hewa, halafu anavuta hewa maziwa yakiwa bado njiani. Hapo ndipo anapopaliwa. Akiachia ziwa na kulia, anaomba hewa tu, maziwa yako hana ugomvi nayo. Na kusinzia kule ukimrudisha, mara nyingi si kushiba. Amechoka.

Hiyo ni dhana yangu ya kwanza kwa kusoma tu, na ndiyo njema kuliko zote. Dhana haitoshi, ndiyo maana daktari wako kafanya vyema kukupa rufaa. Yapo mengine yanayofanana na hili kwa nje. Maziwa kutoka puani mara moja moja, hasa akicheua, ni kawaida, maana pua na koo vimeungana. Yakitoka kila anaponyonya, lazima kaakaa liangaliwe kwa tochi na liguswe kwa kidole chenye glavu, mpaka nyuma kabisa. Mdomo sungura kila mtu anauona siku ya kuzaliwa, lakini kaakaa lililopasuka nyuma tu, midomo ikiwa mizima, linaweza kupita wiki kadhaa bila kugunduliwa. Hilo likipatikana lina matibabu. Dar es Salaam hospitali ya CCBRT imefanya upasuaji wa aina hiyo kwa miaka mingi, na wakati wa kusubiri upasuaji mtoto anafundishwa kulishwa kwa njia zake. Mtoto anayetokwa jasho kwenye paji la uso akinyonya, anayepumua mbio na kuishiwa nguvu baada ya dakika tano, mimi nawaza moyo kabla ya kuwaza kinywa. Mwenye sauti ya kukwaruza anapovuta hewa ndani, hasa akilala chali, huenda zoloto lake bado ni laini mno, na wengi wa hao hupona wenyewe kabla ya kutimiza miaka miwili. Aliyechelewa kulia alipozaliwa, au aliyepata manjano kali, namwangalia mwili mzima: amelegea, amekakamaa, anashtuka? Ukiacha maziwa ya puani, wewe hukutaja lolote kati ya haya. Kama lipo, liseme Jumanne bila kusubiri kuulizwa.

Neno moja kuhusu kikohozi, maana kinatisha. Kikohozi ni mlinzi. Tone limefika mlango usio wake, mwili umelisukuma nje. Ninayemwogopa mimi ni yule asiyekohoa, anayenyonya kimya maziwa yakiingia mapafuni taratibu, akarudi hospitali na nimonia ya pili, ya tatu, kila mtu akidhani ni baridi. Kwamba binti yako anakohoa kwa nguvu na kifua chake kimesikika safi ni habari ya kutia moyo, ingawa kifua safi leo si cheti cha kesho.

Uzito sasa, na hapa sitakupaka mafuta. Watoto hupungua siku za mwanzo, kisha hurudia uzito wa kuzaliwa kufikia wiki mbili hivi. Tuchukulie wako alirudi kilo 2.4 siku ya 14. Kutoka hapo mpaka wiki ya saba ni siku 35, na ameongeza gramu 500. Hiyo ni kama gramu 14 kwa siku. Miezi mitatu ya kwanza tunatarajia gramu 20 hadi 30. Hajakwama, anapanda, ila anapanda polepole mno, na sababu inaonekana: saa nzima ya mapambano inamla nguvu ambazo maziwa yalikuja kumpa. Kwa hiyo usisubiri Jumanne ukiwa umekunja mikono.

Kwanza, punguza kasi ya bomba. Kabla ya kumnyonyesha, hasa alfajiri, kamua kidogo mpaka ule mruko wa kwanza upite. Kinga kwenye kikombe safi, usimwage, tutayahitaji. Kisha usikae umemwinamia. Egemea nyuma kwenye mito au ukuta, umlaze juu yako tumbo kwa tumbo, kichwa chake kiwe juu ya ziwa, ili maziwa yapande mlima kumfikia badala ya kumporomokea. Wengine hupenda kulala ubavu wakiwa wametazamana na mtoto. Hiyo nayo inafaa, maana yanayozidi yanatoka pembeni mwa mdomo badala ya kuteremka kooni. Hakikisha kinywa kimefunguka pana na kimeshika sehemu kubwa ya weusi wa ziwa, si chuchu tu. Halafu msikilize. Ukisikia anameza mfululizo bila kuvuta hewa, au akikunja uso, akipanua vidole kama anayeanguka, akipandisha nyusi, mwachishe kwa upole: kidole kidogo pembeni mwa mdomo, mfyonzo ukatike. Mpe pumzi tatu nne, umrudishe. Mwanzoni utakuwa unamkatisha kila baada ya mifyonzo mitano sita. Baada ya siku chache wengi huanza kujikatisha wenyewe.

Pili, kila mnyonyo uishie nusu saa. Zaidi ya hapo anatumia kuliko anachoingiza. Mnyonyeshe kila saa mbili au tatu, mara nane mpaka kumi na mbili kwa siku, usiku ukiwemo, na baada ya ile nusu saa mpe kwa kikombe yale uliyokamua. Hapa wanawake wa pwani wana bahati: kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono, ndicho saizi yenyewe. Mfunge kwa kanga mikono ikae, mkalishe wima mapajani akiwa macho kabisa, weka ukingo wa kikombe juu ya mdomo wake wa chini, inamisha mpaka maziwa yaguse tu, kisha subiri. Usimmiminie kamwe. Atatoa ulimi, atalamba kama paka, atameza, atapumzika. Mengine yatamwagika, ndiyo maana ya kitambaa. Uzuri wa kikombe ni kwamba mwenye kuamua kasi ni mtoto, tena kinaoshwa kikaoshika, tofauti na chuchu ya chupa yenye kona zake.

Kama unataka kipimo, mtoto wa uzito huu huhitaji takriban mililita 150 kwa kila kilo kwa siku, wako ni kama 435, ziwa na kikombe pamoja. Lakini namba hiyo ni ya muuguzi wako kuliko yako. Wewe hesabu nepi zilizolowa. Sita au zaidi kwa saa 24, mkojo usiwe wa njano iliyokolea. Maziwa uliyokamua yatumike ndani ya saa nne yakiwa nje ya friji, na kwa joto letu mapema zaidi. Ndani ya friji yanakaa mpaka siku nne.

Shangazi nimpe jibu lake kwa heshima, maana ana nia njema na tatizo la kasi kaliona, ila kalishika kinyume. Kupanua tundu la chuchu kwa sindano ni kufungua bomba zaidi kwa mtoto ambaye bomba lililopo linamshinda. Atamaliza haraka, ndiyo, na sehemu ya alichomaliza huenda ikaishia mapafuni. Chupa yenyewe siikatai katakata. Wapo ninaowapa, wenye kaakaa lililopasuka kwa mfano, kwa chupa laini inayokamuliwa na mama kufuata mfyonzo wa mtoto. Ikilazimu chupa, iwe na tundu dogo kabisa, mtoto alale ubavu kichwa kikiwa juu kidogo, chupa ishikwe karibu kulala, na mapumziko yale yale. Kwako sioni sababu ya kuifikia kabla hatujajaribu ziwa na kikombe.

Uji hapana. Si kwa mtoto wa wiki saba. Tumbo lake halijafika huko, utachukua nafasi ya maziwa ambayo ndiyo yanamjenga, na ukiingia kwenye njia ya hewa ni mzito kuliko maziwa na hutoka kwa shida. Kuna nyakati wataalamu huongeza uzito wa maziwa ili yashuke polepole, lakini ni baada ya vipimo, na kwa waliozaliwa kabla ya wakati tunaogopa sana. Mwaka 2011 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya kuhusu bidhaa moja ya kuzidishia maziwa uzito baada ya watoto njiti kuugua vibaya utumbo. Asali, maji ya bizari, maji ya kawaida, navyo viweke kando.

Atatokea pia wa kukwambia kwamba ulimi umefungwa, ukatwe utando wa chini. Kama mtaalamu ataona ulimi hauwezi kutoka wala kupanda, na chuchu zako zinaumia, tutaujadili. Kuukata hospitalini ni jambo la dakika chache na mara nyingi hupunguza maumivu ya mama. Kwamba humfanya mtoto anyonye vizuri, ushahidi hauko imara hivyo, na mtoto anayepaliwa kwa sababu ya kasi ataendelea kupaliwa ulimi ukiwa huru. Wewe hujasema chuchu zinauma, basi tusitafute cha kukata.

Jumanne itakuwaje? Utaulizwa habari za mimba na kuzaliwa kwake, mtoto atatazamwa usoni na kinywani, atawekewa kidole chenye glavu afyonze ili nguvu na mdundo wake ujulikane. Kisha kinakuja kipimo kikubwa, na hakina mashine: utaambiwa umnyonyeshe, na mtaalamu atakaa kimya akitazama mnyonyo mzima, akihesabu mifyonzo na pumzi, pengine akisikiliza shingo kwa kifaa cha daktari, pengine akimfunga kidoleni cha kupimia oksijeni. Huenda ukahisi hafanyi kitu. Anafanya kazi kubwa kuliko zote za siku hiyo. Atajaribu kukubadilisha mkao, kasi, upande, na mtaona pamoja kipi kinampa nafuu. Kuna picha za eksirei zinazoonyesha mmezo ukitembea, na kamera nyembamba ya kupitia puani. Zinapatikana katika hospitali chache sana kwetu, na kwa mtoto kama wako huenda zisihitajike. Zingehitajika kama angekuwa na nimonia za kujirudia, au kama mabadiliko haya yangeshindwa.

Usishangae pia ukikuta anayekuona ni wa fiziotherapia, wa tiba kazi, au muuguzi wa watoto aliyefundishwa kazi hii. Sisi ni wachache mno. Makerere kule Kampala walianza kufundisha shahada ya tiba ya usemi mwaka 2008 tu, na Afrika Mashariki nzima bado inahesabu wahitimu wake. Mimi namwamini muuguzi mwenye jicho kuliko mtaalamu mwenye cheti asiyetazama mnyonyo mpaka mwisho. Ukipewa orodha ya mazoezi ya kumsugua mashavu na kumvuta midomo bila mtu kukutazama ukinyonyesha, uliza kwa adabu: yanatibu nini hasa? Yana msaada fulani kwa njiti walioko wodini wanaoanza kunyonya. Kwa mtoto anayepaliwa na kasi, ni kupoteza muda wake wa kulala.

Ikitokea uzito ukagoma kabisa, unaweza kuambiwa apitishiwe mrija wa puani kwa muda. Najua wengi wetu tukiuona mrija tunasoma dua ya mwisho. Kazi yake ni kumlisha mtoto bila kumchosha, huku akipewa ziwa kidogo kidogo afanye mazoezi, na wengi huutoa baada ya siku au wiki chache. Kukataa mrija na kumlazimisha kwa kijiko akiwa amelala chali ni hatari kubwa zaidi.

Usisubiri Jumanne, nenda hospitali saa hiyo hiyo hata iwe usiku, ukiona midomo au ulimi umekuwa wa bluu au wa kijivu, akisita kupumua, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, hesabu dakika nzima kwa saa, kifua cha chini kikiingia ndani anapovuta hewa, akiwa wa moto, nyuzi 37.5 au zaidi kwapani, au wa baridi chini ya 35.5, akikataa kunyonya kabisa, akilegea haamki, akipata degedege, au utosi ukibonyea na nepi zikikauka. Na akipaliwa sana hapo nyumbani, mtoe kwenye ziwa, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako kichwa kikiwa chini ya kiwiliwili, maziwa yatoke. Akikohoa mwache akohoe. Asipoweza kukohoa wala kulia, mpige kwa kiganja katikati ya mabega mara tano, akiwa bado hivyo mgeuze umbonyeze katikati ya kifua kwa vidole viwili mara tano, rudia, huku mtu anatafuta usafiri. Asirushwe juu, asipuliziwe usoni, asiingizwe kidole kooni.

Na lile la kuongea. Hapana, rufaa hii si fumbo. Mtoto aliyepaliwa kwa sababu alizaliwa mapema kidogo na mama ana maziwa mengi hana sababu ya kuchelewa kusema kwa ajili hiyo. Wale ambao shida ya kunyonya imetokana na ubongo, au kaakaa, au kusikia, hao tunawafuatilia kwa miaka, na faida ya kufika kwetu wakiwa na wiki saba ni kwamba hatukutani nao kwa mara ya kwanza wakiwa na miaka minne. Wako kama ni wa kundi hilo, Jumanne itaanza kutuonyesha. Kama sivyo, mtarudi nyumbani na mkao mpya na tarehe ya kupima uzito, baada ya wiki moja, si mwezi.

Usimnyonyeshe kabla tu ya kuingia chumbani. Aingie na njaa kidogo, tumwone anavyofanya. Beba kadi ya kliniki, kikombe, kanga mbili za ziada, na kwenye simu video ya dakika mbili ya mnyonyo wa alfajiri, uso na shingo vikionekana. Hospitalini watoto wana tabia ya kunyonya vizuri mbele ya wageni. Mama mkwe naye, kama ana nafasi, mje naye.